Tanzia ya Regan Ilimfikaje Eddie Mars?

Katika filamu ya The Big Sleep, iliyotolewa kwa umma mwezi wa Agosti 1946, mna mtu anayetajwa tangu mwanzo hadi karibu na mwisho wala haonekani hata mara moja. Jina lake ni Sean Regan. Mtazamaji huambiwa kuwa ni Muairishi aliyekwisha kuonja vita vya kwao, kwamba aliwahi kuvusha pombe za magendo, na kwamba mzee Jenerali Sternwood alimpenda kama mwanawe wa kumzaa. Filamu inapoanza, Regan amekwisha kutoweka, na kila mtu anamuulizia. Vivian, binti mkubwa wa Jenerali, anataka kujua kama mpelelezi Philip Marlowe ameajiriwa kumtafuta. Askari wanauliza. Jenerali mwenyewe anauliza kwa kuzunguka, maana amejeruhika moyo na hataki kuonyesha. Asiyeuliza ni mmoja tu: Eddie Mars, mwenye nyumba ya kamari, ambaye mkewe inasemekana ametoroka na Regan huyo huyo.

Ukweli ni kwamba Regan amekwisha kufa, na Mars anajua kuwa amekufa. Alijuaje? Ndani ya filamu hakuna mjumbe anayeonekana akimpelekea khabari hiyo, wala hakuna mahali anaposimama shahidi akasema "mimi nilimwambia". Watu wa pwani wana neno lao kwa khabari ya kifo, nalo ni tanzia, na tanzia ina njia zake: hutoka kwa mtu ikaenda kwa mtu, nyumba kwa nyumba, hata ikafika msikitini. Haipatikani hewani. Kwa hivyo msikilizaji aliyelelewa katika mapokezi, aliyezoea kusikia fulani kapokea kwa fulani, akikutana na kisa ambamo adui anajua kifo ambacho hata baba hakijui, hujiuliza mara moja juu ya isnadi yake. Swali si la upuuzi. Katika kisa hiki, mwenye khabari ndiye mwenye nguvu, na mkasa wote umejengwa juu ya hilo.

Ajabu ni kuwa filamu hii ina sifa ya swali jingine kabisa. Inajulikana duniani kote kwa dereva wa familia ya Sternwood, Owen Taylor, ambaye gari lake hutolewa baharini naye akiwa maiti, na hakuna ajuaye kwa yakini kama aliuawa au alijiua. Raymond Chandler, mtungaji wa riwaya, alieleza katika barua ya mwaka 1949 kwamba mwongozaji Howard Hawks na mwigizaji Humphrey Bogart walibishana juu ya jambo hilo wakati wa kupiga filamu, wakampelekea simu ya maandishi kumuuliza, naye akajikuta hajui. Kisa hicho kinachekesha, na kwa kuwa kinachekesha kimesimuliwa mno, hata kikalifunika lile la Regan. Laiti wangalimuuliza Chandler juu ya Regan! Hilo alikuwa na jawabu lake, tena limekamilika.

Sababu ya tofauti hiyo imo katika namna riwaya ilivyoungwa. Chandler alizaliwa Chicago mwaka 1888, akasomeshwa Uingereza, akaja kuwa mkubwa katika kampuni ya mafuta ya Los Angeles hadi alipofukuzwa kazi mwaka 1932, na ulevi ukiwa miongoni mwa sababu. Hapo ndipo alipoanza kuandika hadithi fupi kwa jarida la Black Mask, akilipwa kwa maneno. The Big Sleep, riwaya yake ya kwanza, ilitoka mwaka 1939, naye amekwisha kutimiza miaka hamsini. Hakuianza kwenye karatasi tupu. Alichukua hadithi zake mbili za zamani, "Killer in the Rain" ya 1935 na "The Curtain" ya 1936, akazifumua na kuzishona upya. Dereva aliyekufa majini ametoka katika hadithi ya kwanza. Mtu aliyetoweka ametoka katika ya pili. Mshono umepita katikati ya kitabu, na mwenye jicho la fundi cherehani huuona. Upande wa dereva uliachwa na uzi unaning'inia. Upande wa Regan ulipindwa vizuri.

Na isnadi ya kitabuni ni hii. Carmen, binti mdogo wa Jenerali, alimtaka Regan akamkataa. Siku moja akamwomba amfundishe kulenga shabaha kwa bastola, huko chini kwenye visima vya zamani vya mafuta vilivyoitajirisha familia, akamwelekezea yeye mwenyewe na kumuua. Akarudi nyumbani akamweleza dada yake kama mtoto anayeeleza kikombe alichovunja. Vivian, ambaye katika riwaya ndiye mke wa Regan, hakwenda polisi. Baba yake alikuwa mgonjwa wa kufa, na khabari ile ingalimmaliza; mbaya zaidi ni kwamba ingalimmaliza huku akijua ni damu yake iliyofanya. Akamwendea mtu pekee aliyemjua mwenye uwezo wa kuficha maiti, yaani Eddie Mars, ambaye katika nyumba yake alikuwa akicheza kamari na kudaiwa. Mars akamtuma mtu wake, Canino, na mwili ukatupwa katika shimo la mabaki ya mafuta.

Basi Mars hakupeleleza wala hakunyapia. Aliambiwa. Aliambiwa na mwenye msiba mwenyewe aliyekwenda kuomba msaada, na tangu saa ile msaada ukageuka deni lisilokwisha. Hapa mtu aweza kuuona utu wa Chandler, ambao wengi humnyima kwa sababu ya maneno yake makavu: siri haikuibwa na jambazi, ilipelekwa kwake na mtoto aliyemwonea baba yake huruma.

Mars, akiwa mfanyabiashara hodari, aliongeza ujanja wa pili. Alimficha mkewe Mona mahali paitwapo Realito, nyuma ya karakana ya magari, ili watu waseme ametoroka na Regan. Uvumi huo ulifanya kazi mbili kwa pamoja: uliwapa watu sababu ya kutomtafuta Regan kaburini, na ukampa Mars sura ya mume aliyedhulumiwa. Lakini hapo hapo ndipo alipojifichua. Mume aliyetorokwa huuliza. Hukasirika, hutuma watu, hujifanya hajali huku macho yakimtoka. Mars hafanyi lolote katika hayo. Marlowe anapomgusia habari ya mkewe, hujibu kama mtu anayezungumzia mvua ya juzi. Mpelelezi anaanza kuona kwamba utulivu huu si wa mwenye subira, ni wa mwenye yakini. Yaani swali "alijuaje" linatanguliwa na swali jingine lililo gumu zaidi kwa mtungaji: msomaji atajuaje kwamba anajua? Chandler amelijibu kwa kumfanya adui anyamaze pale ambapo kila mtu angalisema, na hilo lapita hila zote za bunduki na milango iliyofungwa ambazo waandishi wa visa vya upelelezi wamezoea kutegemea.

Riwaya hiyo ilipofika kwenye studio ya Warner Bros. mwaka 1944, isnadi ilianza kukatika pingili baada ya pingili, na kila pingili ilikatwa kwa sababu yake.

Ya kwanza ilikuwa sheria. Studio za Hollywood zilikuwa chini ya Kanuni ya Utengenezaji Filamu, iliyoandikwa mwaka 1930 na kusimamiwa kwa ukali tangu 1934 na ofisi ya Joseph Breen. Muuaji hakuruhusiwa kuachwa bila ya adhabu. Katika riwaya Carmen hafikishwi mahakamani. Marlowe anamtaka Vivian ampeleke mbali akatibiwe, basi. Katika filamu jambo hilo halikuweza kusemwa waziwazi. Duka la Geiger, linaloazimisha vitabu vya uchafu, likabaki duka la vitabu lisiloeleweka linauza nini. Picha ya Carmen akiwa uchi ikawa picha ya Carmen akiwa na kanzu ya Kichina. Na kosa la kumuua Regan likahitaji bega jingine la kulibeba.

Ya pili ilikuwa mapenzi. Studio ilikuwa na Bogart na Lauren Bacall, waliokuwa wamependana kweli wakati wa filamu yao iliyotangulia, na watazamaji walitaka kuwaona pamoja. Vivian hangaliweza kuwa mjane wa Regan na papo hapo amwangukie Marlowe mikononi. Kwa hivyo Regan akavuliwa undoa, akafanywa mtu wa Jenerali, msaidizi na mwenzi wa mazungumzo. Hapo sababu ya Vivian kukimbilia kwa Mars ikapungua uzito kwa nusu.

Waandishi wa mswada walikuwa wawili mwanzoni, William Faulkner, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1949, na Leigh Brackett, mwanamke wa miaka ishirini na minane ambaye Hawks, kwa kusoma riwaya yake ya upelelezi, alimdhania mwanamume. Brackett alisimulia kuwa Faulkner aliigawa riwaya kwa sura, hii yako na hii yangu, kila mmoja akaenda kuandika peke yake. Jules Furthman akaja baadaye kurekebisha. Anayeshangaa kwa nini pingili hazishikani na akumbuke meza mbili katika vyumba viwili.

Filamu ilipigwa tangu Oktoba 1944 hadi Januari 1945, na toleo lake la kwanza likaonyeshwa kwa wanajeshi wa Marekani waliokuwa ng'ambo. Umma ulingojeshwa. Vita vilikuwa vinakaribia kwisha, na studio ilikuwa na filamu za vita ambazo zingaliharibika kama samaki lau zisingeuzwa upesi. Katika kungoja huko, Bacall akaonekana katika filamu nyingine, Confidential Agent, na wahakiki wakamshambulia vibaya. Wakala wake, Charles Feldman, akamwandikia Jack Warner mwezi wa Novemba 1945 akitaka The Big Sleep iongezewe mandhari za Bacall zenye ule ukali na ubembe uliompa jina. Warner akakubali. Januari 1946 mandhari mpya zikapigwa, mojawapo ikiwa ile maarufu ambamo Marlowe na Vivian wanazungumza juu ya farasi wa mashindano huku wakimaanisha mambo mengine kabisa.

Ili mazungumzo ya farasi yaingie, kitu kilipaswa kutoka. Kilichotoka ni mandhari ambamo Marlowe na rafiki yake Bernie Ohls wanakaa na mwendesha mashtaka wakipanga vifo vya nusu ya kwanza: nani kamuua Geiger, nani kamuua Brody, na kwa sababu gani. Toleo la 1945 lilikuwa na dakika 116 na lile la 1946 dakika 114. Kwa miaka mingi lile la kwanza lilikuwa kama hadithi tu, hata liliporejeshwa na wahifadhi wa filamu wa chuo kikuu cha UCLA na kuonyeshwa kwa umma mwaka 1997. Waliolingojea kwa hamu ya kupata maelezo waliyapata, lakini ni maelezo ya Geiger na Brody. Kuhusu Regan halimpi mtazamaji lile analolitafuta: Mars akipokea khabari.

Chandler alikuwa na lake la kusema. Katika barua ya mwaka 1946 alidai kwamba Martha Vickers, binti aliyeigiza Carmen, alikuwa mzuri mno katika sehemu yake hata akamfunika Bacall, na kwamba mandhari zake bora zilikatwa kwa ajili hiyo. Mwandishi akiwa na kinyongo na studio hutia chumvi, na Chandler hakuwa mtu wa kusahau kinyongo. Hata hivyo, mtu akiitazama filamu kwa makini ataona kuwa Carmen hupungua kadiri Vivian anavyozidi, na mwishoni hayupo kabisa, anatajwa tu. Sasa Carmen ndiye chanzo cha isnadi. Ndiye pekee aliyekuwapo pale kwenye visima pamoja na marehemu. Ukimwondoa, tanzia inabaki haina mtu wa kwanza kuisema.

Je, filamu imebaki na nini? Imebaki na swali ambalo Marlowe anamrudia Vivian nalo kila wakutanapo: Eddie Mars ana nini juu yako? Imebaki na usiku ule kwenye nyumba ya kamari, Vivian anaposhinda fedha nyingi, kisha nje akataka kuporwa na mtu wa Mars, mchezo uliopangwa ili mpelelezi aamini kwamba hawa wawili hawana siri. Imebaki na sauti ya Harry Jones, kibaraka mdogo mwenye moyo mkubwa kuliko mwili, anayekunywa sumu kwa mkono wa Canino huku Marlowe akisikia chumba cha pili. Kisha mwisho. Marlowe anampigia Mars simu akijifanya yuko mbali, kumbe yumo ndani ya nyumba ya Geiger. Mars anakuja, anawapanga watu wake nje na kuwaamuru wampige risasi wa kwanza kutoka mlangoni. Katika yale maneno ya haraka kati yao, Marlowe anaelekeza kidole kwa Carmen. Mars analazimishwa kutoka yeye, naye anauawa na amri yake mwenyewe. Punde Marlowe anamwambia Ohls kwa simu kwamba Mars ndiye aliyemuua Regan. Baadaye kidogo anamwambia Vivian kuwa Carmen hana budi kupelekwa mahali akatibiwe.

Mtu akiyaweka maneno hayo mawili pamoja, jawabu la filamu linaonekana kuwa mawili, moja limelazwa juu ya jingine. Kwa polisi, na kwa ofisi ya Breen, swali "Mars alijuaje" halipo tena, maana muuaji hahitaji kuambiwa. Kwa Vivian, na kwa mtazamaji aliye macho, Carmen anapelekwa kutibiwa kwa jambo fulani, na jambo hilo haliwezi kuwa kunyonya kidole tu. Marlowe amesema uwongo kwa dola ili kuificha familia, na filamu imesema uwongo ule ule kwa wakaguzi wake. Ni nadra hila ya mhusika na hila ya studio kukutana katika sentensi moja ya simu namna hii.

Mwaka 1978, Kanuni ikiwa imekwisha kuondoshwa tangu 1968, Michael Winner aliipiga riwaya upya, akaihamishia Uingereza, Robert Mitchum akawa Marlowe na Oliver Reed akawa Mars. Safari hii binti mdogo ndiye muuaji bila ya kificho, na njia ya khabari kumfikia Mars inaeleweka. Watu hawakuipenda. Wale wa 1946 walilalamika, Bosley Crowther wa New York Times akiwa miongoni mwao, kuwa hawafahamu kinachoendelea, na bado filamu yao ndiyo inayotazamwa. Hawks alijisifia jambo hilo hadi uzeeni. Alisema amejifunza kuwa mandhari nzuri zapita maelezo. Anasadikika nusu. Mandhari ile ya farasi ni nzuri kweli, walakini mtazamaji asingestahimili dakika zote hizo lau hangekuwa na hakika kwamba mahali fulani jawabu lipo, limewekwa na mtu aliyelijua.

Wasomaji wa Unguja wana kipimo chao katika hili. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapishwa mwaka 1960, alimpa Bwana Msa kazi ya kufungua mafundo yote mwishoni, kimoja kimoja, wenziwe wakimsikiliza. Bwana Msa ni wa ukoo wa Sherlock Holmes. Kwake, kujua ni kueleza. Marlowe ni wa ukoo mwingine. Kadiri anavyojua zaidi ndivyo anavyozidi kuwa na watu wa kuwaficha. Mfasiri akilitafuta jina la kitabu kwa Kiswahili, "Usingizi Mkuu" litamtosha, kwa kuwa usingizi unaokusudiwa ni mauti. Lakini kitabu kinapofika mwisho chaonyesha kwamba wanaolala ni wengi, na mmoja wao bado anapumua.

Huyo ni Jenerali. Katika riwaya anamwita Marlowe mara ya pili na kumwahidi dola elfu moja zaidi akimpata Regan. Hataki kumwadhibu, anataka tu kujua kwamba yuko salama. Marlowe anampata, kwa namna, wala hamwambii. Visima vya zamani viko chini ya kilima, vyaonekana kutoka katika nyumba ile ile alimolala mzee. Katika filamu Jenerali anatokea mara moja tu, ndani ya nyumba ya vioo yenye joto na maua ya okidi, amejifunika blanketi, akimtazama mgeni anywe pombe ambayo yeye mwenyewe amekatazwa. Charles Waldron, aliyemwigiza, alifariki mwezi wa Machi 1946, miezi mitano kabla filamu haijafika kwa umma. Mwishoni ving'ora vya polisi vinakaribia nyumba ya Geiger, Marlowe na Vivian wamesimama gizani wakingoja, na hakuna hata mmoja anayesema nani atakwenda kumwambia baba.